Utumishi Wangu wa Kufunga Mbwa Kamba

Wacha nianze na ujinga wenyewe, msije mkausikia kwa watu wa bodaboda wakiwa wameupaka rangi. Nilimfungua kondoo kamba ili nimfunge mbwa. Na huyo kondoo hakuwa kondoo wa kawaida. Alikuwa mwati, yaani kondoo jike ambaye hajazaa, na bila yeye dada yangu Nyambura hangeposwa siku hiyo. Nilifanya hivyo nikiwa na akili zangu zote, nimevaa rifleketa, ile fulana ya kung'aa ya walinzi, firimbi mdomoni. Muda mfupi baadaye nilistaafu.

Najua wapo watakaosema mtoto wa kidato cha tatu hawezi kustaafu. Hao hawajawahi kufanya kazi na mbwa. Nilitumikia bustani ya mji wetu karibu likizo yote ya Aprili, na ukihesabu kwa miaka ya mbwa hiyo ni karibu nusu mwaka. Nawaandikia nyinyi mtakaorithi rifleketa yangu Agosti. Mshahara sitauzungumzia, kwa sababu ulikuwa chai na andazi, na andazi mara nyingi liliishia kwa mbwa. Cheo sikupanda. Nilichopanda ni mti, na kushuka ilikuwa shida.

Kazi yenyewe ilizaliwa na bango. Kuna mama mmoja aliyestaafu kazi ya ofisi Nairobi akarudi kuishi huku kwetu Nyeri. Sisi tulimwita Madam. Alikuwa na kambwa kadogo keupe kanakoitwa Prince, kanakovaa sweta asubuhi kwa sababu ya baridi ya Mlima Kenya. Siku moja mbwa mkubwa wa mtaani alimwangusha mtoto wa jirani pale bustanini akamnyang'anya mkate. Mtoto hakuumia, lakini alilia mpaka watu wakatoka benki kuangalia. Madam akasema imetosha. Akazunguka ofisi zote mpaka bango likasimamishwa kwenye lango: MBWA YEYOTE NDANI YA BUSTANI AWE AMEFUNGWA KAMBA ILIYOSHIKWA NA MTU. Mimi sina ugomvi na bango hilo, na liko pale mpaka leo. Ugomvi ni kwamba lilihitaji mtu wa kulitekeleza, na nikapatikana mimi.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Bwana Ndirangu, msimamizi wa bustani. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye masharubu ya chifu, na anaogopa mbwa kuliko kifo. Alinikabidhi vifaa akiwa ndani ya kibanda chake, kupitia dirishani. Rifleketa iliyonifika magoti. Firimbi. Na rundo la kamba za katani, zile za kufungia ng'ombe, zilizonunuliwa sokoni kwa sababu hakuna duka huku kwetu linalouza kamba ya mbwa.

"Unajua kufunga ng'ombe?" akaniuliza.

"Ndiyo, tuko na mmoja nyumbani."

"Basi mbwa ni ng'ombe mfupi. Enda."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopata. Alifunga dirisha.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo Madam hakulifikiria. Huku kwetu mbwa hufungwa mchana nyumbani na kufunguliwa usiku alinde boma. Kamba ni ya mchana, nyumbani, kwenye kibanda. Ukionekana barabarani unatembea na mbwa amefungwa kamba, watu wanajua moja kati ya mambo mawili: anapelekwa kudungwa sindano, au umempa mtu. Asubuhi ya kwanza nilimsaidia mzee mmoja kufunga mbwa wake, na kabla hajafika kwenye benchi, watu watatu walikuwa wameshampa pole. Mmoja aliuliza kama anaweza kurithi kibanda cha huyo mbwa.

Kesi ngumu zilianza mara moja. Ya kwanza ilikuwa ya jamaa aliyekuja na kamba mkononi bila mbwa.

"Mbwa yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimemwacha nyumbani, analinda."

"Na kamba?"

"Si mmesema lazima kamba? Mimi sitaki shida na serikali."

Nikamruhusu aingie. Alitembea mizunguko mizima ya bustani akivuta kamba nyuma yake, akasalimia watu, akaenda zake. Ndiye raia mwema kuliko wote niliowahi kuhudumia.

Kesi ya pili ilikuwa ya Prince. Madam alikuwa na kamba ya kisasa inayojivuta na kujirudisha yenyewe, lakini Prince akichoka alimbeba. Sasa, mbwa aliyebebwa amefungwa? Nilimpelekea Bwana Ndirangu swali hilo dirishani. Akafikiri muda mrefu, akisugua masharubu. "Akiwa chini ni mbwa," akasema. "Akibebwa ni mtoto. Watoto hawana sheria." Nimesoma somo la uraia miaka mitatu na sijawahi kusikia hukumu safi namna hiyo.

Kesi kubwa ilikuwa mbwa wa mtaani, wale wasio na mwenyewe. Bango linataka kamba, na kamba inataka mtu. Mbwa walikuwepo, kamba zilikuwepo, watu ndio walikosekana. Halafu nikaona watu wako tele. Kila mchana bustani yetu hujaa watu waliolala kwenye nyasi: mafundi, wauza mitumba, makarani wa mahakama wenye viatu vilivyovuliwa. Nikaanza kugawa. Unamfunga mbwa taratibu, unaenda kwa aliyelala, unamtia kamba mkononi, na vidole vyenyewe vinajikunja kama vya mtoto mchanga. Kufikia saa saba mchana bustani nzima ilikuwa imetii sheria. Madam alipita akasema, "Unaona sasa? Watu wakielimishwa wanabadilika."

Walioamka walilalamika, sikatai. Lakini wengine walizoea. Karani mmoja alianza kuja na mkate wa mbwa wake, na alinikemea siku nilipompa mbwa tofauti.

Sasa tufike Jumamosi ile.

Nyumbani kulikuwa na ruracio, sherehe ya kuleta mahari. Nyambura, dada yangu mkubwa, alikuwa amepata mchumba kutoka Timau, jamaa mpole anayeitwa Mwenda, fundi wa matrekta kwenye mashamba ya ngano. Watu wake walikuwa waje kuleta mwati na harika, kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa. Hao ndio hufungua mazungumzo. Siku hizi watu huleta bahasha ya pesa na kuiita kondoo, na wazee hukubali kwa sababu bahasha haichafui zulia. Mama alikataa. Alimwambia Mwenda wazi kwa simu: "Mimi nataka kondoo iko na miguu. Hakuna kondoo, hakuna kuketi." Na upande wetu mwenye kuongoza mazungumzo alikuwa Guka Mathenge, babu mdogo wa mama (guka kwetu ni babu), mzee aliyewahi kurudisha wageni mpaka kwao Kerugoya kwa sababu mbuzi wao alikuwa anachechemea. Nyambura hakuwa amelala. Alinipigia pasi shati, akalipiga tena, akalia juu yake kidogo, akalipiga mara ya tatu.

"Kariuki," akaniambia, "leo tafadhali usikuwe wewe."

Mama alinifukuza niende kazini mpaka saa sita, akisema nikibaki nitavunja vikombe, na nikirudi nije na chumvi.

Kama saa tano hivi, kikundi cha watu waliovaa vizuri kiliingia bustanini. Wazee wenye kofia na fimbo, akina mama wenye leso zilizofanana. Ninyi mnajua desturi: wageni wa ruracio hukusanyika mahali kwanza wajipange, ili wafike pamoja wakiimba. Lakini mimi sikujua ni wageni wa nani. Jumamosi mji wetu huwa na wageni wa namna hiyo kama nzi, na Mwenda, mtu pekee ambaye ningemtambua, alikuwa amebaki nyuma kununua soda. Mbele alikuwa babu yake, Mzee Mwirigi, mwenye koti zito na buti za shambani. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine kamba, na mwisho wa kamba kondoo mnene mweupe kama mto wa hotelini. Mjomba mmoja alikuwa amembeba mbuzi begani. Na nyuma ya kondoo, bila kamba, bila haraka, alitembea mbwa mweusi mwenye sikio moja lililochanika.

Nikapuliza firimbi. Madam alikuwa benchi la karibu na Prince, na Bwana Ndirangu alikuwa dirishani. Nilikuwa na watazamaji, na hilo ndilo lililoniponza.

"Mzee, shikamoo. Mbwa afungwe kamba."

"Kwani ameuma nani?"

"Hajauma. Ni sheria ya hapa."

"Huyu ni Sajini," akasema mzee, kwa sauti ya kunitambulisha kwa mkubwa wangu. "Amechunga kondoo yangu tangu akuwe mdogo. Ata leo sikumleta, alipanda gari mwenyewe. Hajawahi kufungwa. Ukimfunga atafikiri nimemuuza."

"Pole mzee. Soma bango."

Alirudi mpaka langoni, akavaa miwani, akasoma bango lote kwa kidole, akarudi. "Ni kweli," akasema. "Imeandikwa. Basi leta kamba."

Kamba zangu zote zilikuwa kazini, mikononi mwa waliolala. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, kisha nikaangalia kamba ya kondoo.

Mama mmoja wa leso, ambaye baadaye nilijua ni mama yake Mwenda, aliyaona macho yangu yakienda huko. "Ngai, kijana! Unataka mbwa afungwe na kondoo aachiliwe?"

"Mama, bango halijasema kondoo."

"Na kama angekuja na simba?"

"Simba pia haijatajwa."

"Wacha kijana afanye kazi yake," akasema Mzee Mwirigi, akiwa tayari anafungua fundo. "Mimi sikutoka kwangu kuja kuvunja sheria ya watu. Na kondoo hataenda popote, Sajini yuko hapa."

Hilo lilionekana kuwa na maana wakati ule. Nikamfunga Sajini fundo la ng'ombe, lile zuri, linalokaza ukivuta. Nikamkabidhi mzee ncha ya kamba. Bwana Ndirangu akaninyooshea kidole gumba kupitia dirishani. Sajini aliangalia kamba. Akamwangalia mzee. Kondoo naye akamwangalia Sajini, na nawaapia, wenzangu, nilimwona kondoo akielewa.

Akaondoka.

Hakukimbia mara moja. Alienda mwendo wa mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka, halafu alipofika kwenye maua akatimka. Sajini akaruka. Mzee Mwirigi, ambaye alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili kama sheria inavyotaka, akaruka pia. Sikujua mtu wa umri ule anaweza kwenda kasi hiyo. Kofia ilibaki hewani kidogo, ikashuka peke yake.

"Mzee, achilia kamba!" akapiga kelele mjomba mwenye mbuzi.

"Imeandikwa ishikwe na mtu!" mzee akajibu, akipita.

Hapo mbwa wa mtaani wakaona kondoo. Mbwa akiona kondoo anakimbia, haulizi amefungwa kwa nani. Nyasi zote zikaamka kwa pamoja. Makarani walivutwa bila viatu. Fundi mmoja alikuwa bado amelala alipopita mbele yangu. Kamba zikaanza kuzunguka miti, zikazunguka mabenchi, zikazunguka watu. Prince akachomoka na ile kamba ya kisasa inayojivuta, akapita katikati ya miguu ya mjomba, akarudi, akapita tena, na mjomba akafungwa vizuri kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumfunga. Mbuzi alibaki begani akitafuna kola yake.

"Ndirangu!" akalia Madam. "Fanya kitu!"

Bwana Ndirangu akafunga dirisha.

Mama Mwenda alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. "Sasa tutaenda kwa watu na mbuzi peke yake? Tutarudishwa! Yule mama alisema bila kondoo hakuna kuketi!"

"Mama gani?" nikamuuliza.

"Mama Nyambura. Yule wa kwaya, anaishi huko chini kwa kiwanda cha kahawa."

Akilini niliona shati langu lililopigwa pasi mara tatu. Nilimwona Guka Mathenge akisimama na kuvaa koti lake. Nilimwona Nyambura.

Nikakimbia kama mwizi. Kondoo alikuwa ameshatoka langoni na kushika barabara ya kushuka. Sajini alifika langoni, na pale pale mzee akakanyaga breki, buti zikachimba udongo. Walisimama, mbwa mbele, mzee nyuma, wote wawili wakihema.

"Mfungue, guka!" nikasema. "Mfungue Sajini, tafadhali!"

"Siwezi. Wewe ndiye serikali. Umesema afungwe."

"Lakini sasa nimesema afunguliwe!"

"Bango imesema hivyo?"

Nikageukia kibanda. "Bwana Ndirangu! Mbwa akiwa nje ya bustani si anaruhusiwa?"

Dirisha likafunguka upana wa vidole viwili. Masharubu yakatokea. "Nje ni sawa," yakasema. "Lakini miguu ya nyuma bado iko ndani."

Ilikuwa kweli. Na mzee hakutaka kusogea, kwa sababu Sajini alikuwa anavuta, na alisema akimfuata nje akiwa bado amemfunga, watu wa barabarani watafikiri amemuuza.

Basi nikastaafu. Nilivua rifleketa nikaiweka juu ya bango, nikatundika firimbi hapo hapo, na nikapiga magoti nikiwa raia wa kawaida kulifungua fundo. Fundo la ng'ombe, nimewaambia, linakaza ukivuta, na lilikuwa limevutwa bustani nzima. Vidole vilikataa. Nikatumia meno. Sajini alinivumilia, akinipumulia sikioni harufu ya mkate wa watu. Fundo likaachia. Mzee akapiga mluzi mmoja mwembamba, na yule mbwa akapotea kama maji.

Barabara ile ya kushuka ina ua wa kayaba pande zote mbili, miiba kwa miiba, hata kuku hapiti. Milango ya majirani yote ilikuwa imefungwa kwa sababu majirani wote walikuwa kwetu wakipika. Lango moja tu lilikuwa wazi, la nyumbani, kwa kuwa vijana walikuwa wanaingiza viti. Kondoo hakuwa na pengine pa kwenda. Nilifuata nikiwa na kamba mkononi, nikisikia nyuma yangu mlima mzima wa Timau ukishuka kwa buti na leso.

Nilipofika, kondoo alikuwa ndani, amesimama katikati ya hema akitazama maua ya plastiki. Sajini alikuwa ameketi nje ya lango, kifua mbele. Kwao alifundishwa kusindikiza kondoo mpaka bomani na kubaki mlangoni, na hapo ndipo alipobaki. Lakini shangazi zetu walikuwa wamejipanga langoni kwa ajili ya nyimbo, maana wageni hufungiwa nje mpaka waimbe, na shangazi Wangeci, mkubwa wao, hajui kuahirisha jambo.

"Wageni wamefika?" akauliza mtu kutoka ndani.

"Ni mbwa."

"Wa upande gani?"

"Nafikiri wa bwana harusi. Ameleta kondoo."

"Basi funga geti," akasema shangazi Wangeci. "Aimbe kwanza kama wengine."

Wakafunga. Sajini, kwa kuona lango limemtenganisha na kondoo wake, akainua pua akalia wuuuu ndefu. Akina shangazi wakampigia vigelegele.

Kisha wenyewe wakafika. Mzee Mwirigi bila kofia, matope mpaka kiunoni. Mjomba na mbuzi, bado na kipande cha kamba ya Prince mguuni. Vigelegele vikakatika. Guka Mathenge akaja mpaka langoni polepole na fimbo yake, akawatazama juu mpaka chini kupitia vyuma.

"Mali imefika kabla ya wenyewe," akasema. "Jambo hili sijawahi kuliona. Mnatudharau, au mmetupa kondoo barabarani mkaona atajipeleka?"

Mzee Mwirigi alifungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. Angeweza kunitaja. Nyambura alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba na nguo yake mpya, na mikono yake ilikuwa imeshikana kama anaomba.

"Ni mimi, guka," nikasema. "Mimi ndiye nilimfungua."

"Umfungue kwa nini?"

"Nimfunge mbwa."

Guka Mathenge alilitafakari hilo. Kisha akageuka, na watu wote wakageuka naye, kwa sababu mama alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alimzunguka kondoo. Akamshika mgongo, akamfungua mdomo akaangalia meno, akamwinua mguu mmoja mmoja. Kondoo hakuwa na mkwaruzo. Akaenda langoni akalifungua yeye mwenyewe, akampa Mzee Mwirigi mkono kwa mikono miwili, akawauliza akina shangazi kama wataendelea kusimama hapo ama wataimba. Wakaimba. Nyambura akaketi chini pale pale mlangoni na nguo mpya. Mama akasogeza beseni la maji kwa Sajini, akanifikia mimi, akaitazama kamba niliyoshika, halafu akasema:

"Kariuki. Huyu mbwa alipewa kondoo ya wenyewe alete, hana kamba, hana simu, hajui kwetu, na amefika naye. Wewe nilikutuma chumvi asubuhi. Chumvi iko wapi?"